Mrushaji Kijana Anapochapwa: Jinsi ya Kujua Kama Ataiva

Jumamosi asubuhi, kwenye uwanja wa shule jijini Nairobi, mrushaji wa besiboli wa miaka 16 anachapwa mikimbio saba katika inningi mbili, yaani zamu mbili za timu pinzani kupiga. Kocha anamtoa. Mzazi aliyesimama pembeni anauliza lile swali la kila mzazi: huyu kijana ana kitu, au tunampotezea wakati? Jibu analopewa, liwe la kumtia moyo au la kumvunja, mara nyingi hutokana na ile saba. Bahati mbaya, katika namba zote zinazoweza kuandikwa asubuhi ile, hiyo saba ndiyo yenye habari kidogo zaidi.

Kwa aliyezoea kriketi ya pale Gymkhana au Simba Union, mambo ya msingi ni haya. Mrushaji hakimbii kabla ya kurusha, na mpira wake haudundi. Anasimama juu ya kilima kidogo cha sentimita 25, mita 18.44 kutoka kwenye bamba la mpigaji, na anaruhusiwa kukunja kiwiko. Shabaha yake ni eneo la straiki: upana wa bamba, yaani sentimita 43, kuanzia magotini hadi kifuani kwa mpigaji. Straiki tatu, mpigaji ametoka. Kwenye daftari la mchezo huandikwa K. Mipira minne nje ya eneo bila mpigaji kuitamani, anatembea hadi besi ya kwanza bila jasho, huandikwa BB. Herufi hizo mbili ndizo zitakazobeba sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata.

Ile saba ni ya nani?

Mpira ukishapigwa ukaingia uwanjani, sehemu kubwa ya kazi imetoka mikononi mwa mrushaji. Mwaka 2001, Mmarekani Voros McCracken alichapisha uchambuzi uliozua ubishi mrefu: kwamba warushaji wa ligi kuu ya Marekani hawatofautiani sana katika kuufanya mpira uliopigwa uishie mikononi mwa walinzi. Kwa karibu wote, takriban mipira mitatu katika kila kumi iliyoingia uwanjani humfikisha mpigaji kwenye besi salama. Wanachotofautiana sana ni K, BB na hom rani (mpira unaopigwa ukavuka uwanja wote, mpigaji akazunguka besi zote nne), mambo ambayo walinzi hawana mkono. Wachambuzi waliofuata wamelainisha hoja hiyo, lakini hawajaiangusha. Kwa vijana inabidi kuilainisha zaidi, kwa sababu mrushaji dhaifu wa miaka 15 hupigwa mipira mikali kweli kweli, wala hiyo si bahati.

Sasa uhamishie jambo hilo kwenye uwanja wetu. Nusu ya eneo la ndani ni murram, mpira wa chini unadunda unavyotaka, na mlinzi wa besi ya tatu ameanza kuvaa glavu muhula uliopita. Ile tatu katika kumi inaweza kuwa tano. Mrushaji anayepigwa mipira mitano dhaifu ya chini anaweza kuondoka na mikimbio minne, na daftari likasema amechapwa. Sheria za kuandika mchezo zinajaribu kutenganisha mikimbio iliyotokana na makosa ya walinzi, lakini kosa huandikwa pale tu mlinzi aliyefika kwenye mpira anapouangusha au kuurusha vibaya. Ambaye hakufika kabisa hana kosa. Kwa maneno mengine, mlinzi mzito huonekana safi kwenye karatasi, na lawama humwangukia aliye kilimani.

Chukua vijana wawili wa mfano. Kila mmoja amerusha inningi 20. Wa kwanza ana K 25, BB 8, hom rani 1, na amefungwa mikimbio 17. Wa pili ana K 9, BB 12, hom rani 1, mikimbio 7. Kocha anayetazama mikimbio atampa wa pili mchezo wa fainali. Lakini kuna hesabu fupi ambayo wachambuzi wa besiboli huitumia: zidisha hom rani kwa 13, zidisha BB kwa 3 (ukijumlisha na wapigaji waliogongwa na mpira), zidisha K kwa 2. Jumlisha mbili za kwanza, toa ya tatu, kisha gawanya kwa idadi ya inningi. Wa kwanza: 13 jumlisha 24 toa 50, ni hasi 13, gawanya kwa 20, ni hasi 0.65. Wa pili: 13 jumlisha 36 toa 18, ni 31, gawanya kwa 20, ni 1.55. Ndogo ndiyo nzuri, na pengo la 2.20 ni kubwa mno. Marekani huongeza takriban 3 juu ya jibu ili lifanane na wastani wa mikimbio wa ligi kuu. Hapa usihangaike nayo, kwa kuwa unalinganisha vijana wa ligi moja tu.

Hom rani, hata hivyo, iandike kwa uangalifu. Viwanja vingi vya shule havina ua. Mpira ukimpita mlinzi wa nje ukaanza kuteremka kuelekea jikoni, mpigaji atazunguka besi zote nne huku watu wakiutafuta chini ya lori la kuni. Hiyo si hom rani ya kumhesabia mrushaji. Weka alama yako mwenyewe, tuseme mita 90 kutoka kwenye bamba, na uhesabu tu mpira uliovuka hapo ukiwa hewani.

Wapigaji wangapi ndio uamini?

Kwa wachezaji wakubwa wa Marekani, kiwango cha K huanza kusema ukweli baada ya wapigaji 70 hivi. BB huhitaji karibu 170. Ile bahati ya mipira iliyoingia uwanjani huhitaji mipira ipatayo 2,000, ambayo ni misimu kadhaa ya mtu mzima anayecheza kila juma, na kijana wa hapa hataifikisha hata akicheza hadi apate mvi. Kijana wa inningi 20 amekutana na wapigaji 90 hivi. K zake unaweza kuzisikiliza, BB uzisikilize nusu sikio, na mikimbio uiache daftarini.

Kabla ya kulinganisha, tazama umri. Ligi za huku huchanganya: mtoto wa miaka 15 anamrushia mwanachuo wa miaka 20 mwenye mabega kama mlango. K 15 kati ya wapigaji 100 wa aina hiyo zinaweza kuwa na thamani kuliko K 30 dhidi ya wenzake wa darasa. Waandike wapigaji kwa makundi mawili, wakubwa kwake na wa rika lake, la sivyo utamsifu mkubwa anayeonea watoto na kumtupa mtoto anayepambana na wakubwa.

Kukosa eneo: ugonjwa wenye sura nyingi

Kijana anayeshindwa, mara nyingi hushindwa hapa. Anatoa BB tatu mfululizo, anapunguza kasi ili angalau aone straiki, na mpira uliopunguzwa kasi unapigwa. Kwa mtazamaji amechapwa, lakini ugonjwa ulianza mipira kumi na mbili nyuma.

Usiandike "hana udhibiti" ukaishia hapo. Mwambie amrushie mdakaji, yule anayekaa nyuma ya bamba, mipira 30 ya kasi mazoezini, glavu ikiwa katikati, na mtu nyuma aweke nukta kwenye mraba uliogawanywa sehemu nne. Tuseme kijana anarusha kwa mkono wa kulia. Nukta zikijazana juu, upande wa mkono wake wa kurushia, kwa kawaida bega la mbele linafunguka mapema na mkono unachelewa nyuma ya mwili. Zikijazana chini, upande wa glavu, anauachia mpira kwa kuchelewa, mara nyingi huku kichwa na kiwiliwili vikivutwa kushoto. Makundi haya mawili yanatia matumaini, kwa sababu kosa linalojirudia lina chanzo kimoja. Nukta zikitawanyika kama mtama uliomwagika, tatizo ni jingine: kijana hana mrusho mmoja. Kila mpira anaurusha kivyake.

Hapo murram inakusaidia. Lainisha udongo mbele ya kilima kwa reki, arushe mipira kumi, kisha ukague nyayo za mguu wa mbele. Anayeweza kujirudia atakuwa na nyayo zinazolaliana, zikipishana kwa upana wa ngumi hivi. Nyayo zikienea kama za kuku uani, usiguse mkono wake kwanza. Mkono unajaribu tu kufidia mguu uliopotea. Urefu wa hatua kwa warushaji wengi hufikia kati ya asilimia 75 na 90 ya kimo chao. Anayebadilisha hatua kwa nusu futi kila mpira atabadilisha pia mahali pa kuuachia, na kosa dogo mkononi linakuwa kubwa baada ya mita 18.

Kuna kisa maarufu cha mguu. Mrushaji wa ligi kuu Randy Johnson, mwenye kimo cha sentimita 208, alitoa BB 120 mwaka 1990, 152 mwaka 1991 na 144 mwaka 1992. Mwaka huo wa 1992 alizungumza na mrushaji mkongwe Nolan Ryan na kocha Tom House, wakamwonyesha kwamba alikuwa anatua kwa kisigino cha mguu wa mbele, jambo lililomzungusha mwili pembeni badala ya kuupeleka kwa mpigaji. Mwaka 1993 alikuwa na K 308 na BB 99. Mkono ulikuwa ni ule ule. Warefu huchelewa: miguu na mikono mirefu ina mambo mengi ya kupanga kwa wakati mmoja. Mvulana aliyeongezeka sentimita nane ndani ya mwaka anaweza kupoteza eneo lote la straiki alilokuwa nalo, kisha likarudi mwili ukitulia. Kwa hiyo mpime kimo kila muhula na ukiandike kando ya BB zake. Kumkata kijana katikati ya ukuaji wa ghafla ni kosa ambalo makocha hulifanya sana, pengine kuliko mengine yote.

Sandy Koufax naye alifika Brooklyn Dodgers akiwa na miaka 19, mwaka 1955. Kwa kuwa alisajiliwa kwa bonasi kubwa, kanuni za wakati huo zililazimu timu imweke kwenye kikosi cha kwanza kwa miaka miwili, hivyo hakupata nafasi ya kujifunza kwenye ligi za chini. Hadi mwisho wa 1960 alikuwa ameshinda michezo 36 na kupoteza 40. Katika maandalizi ya 1961, mdakaji wake Norm Sherry alimwambia apunguze nguvu, asijaribu kumvunja mpigaji kwa kila mpira. Msimu huo alipata K 269 na ushindi 18. Yaliyofuata yalimfanya ahesabiwe miongoni mwa warushaji bora wa historia.

Visa vya aina hii ni vitamu, na ndiyo hatari yake. Tunamkumbuka Koufax kwa sababu alifaulu. Steve Dalkowski, ambaye waliomwona walimtaja miongoni mwa warushaji wenye kasi kubwa kupata kutokea, mwaka 1957 kule Kingsport, kwenye ligi za chini, alirusha inningi 62, akapata K 121 na kutoa BB 129. Mwaka 1960 huko Stockton alipata K 262 na BB 262 katika inningi 170. Hakurusha hata mpira mmoja katika mchezo rasmi wa ligi kuu. Na nyuma yake wapo maelfu ambao hakuna aliyewaandika. Mvumilivu hula mbivu, lakini embe lenye funza haliivi kwa kungojwa. Ukiona BB zinalingana na K, na mistari hiyo miwili haiachani baada ya misimu miwili ya mazoezi yenye mpango, kasi isikupumbaze.

Kasi, na namna ya kuipima bila bunduki ya rada

Kasi ndiyo kitu kigumu kufundishwa, na ndiyo sababu wasaka vipaji husafiri maelfu ya kilomita kutazama mkono badala ya daftari. Los Angeles Dodgers waliposajili vijana wawili kutoka Uganda mwaka 2022, hawakuwa wamevutwa na takwimu za ligi ya Kampala. Mpira wa kasi wa kawaida katika ligi kuu hutoka mkononi kwa kilomita 151 kwa saa, na humfikia mpigaji kwa takriban sekunde 0.4.

Bunduki ya rada ni ghali, lakini simu nyingi za sasa hurekodi picha 240 kwa sekunde. Isimamishe pembeni, ionekane mkono na bamba kwa pamoja. Hesabu picha tangu mpira unapoachia vidole hadi unapofika juu ya bamba. Kijana huuachia mpira akiwa amekwisha kusogea mbele mita moja na nusu au zaidi, kwa hiyo chukua umbali wa mita 16.7. Picha 120 ni nusu sekunde: mita 33.4 kwa sekunde, sawa na kilomita 120 kwa saa. Huo ni wastani wa safari nzima. Kasi ya kutoka mkononi ni asilimia chache juu zaidi, maana hewa huupunguza mpira njiani. Kosa la picha moja ni kama kilomita moja tu. Rudia kwa mipira mitano, na uandike wa kati badala ya ule wa juu uliompendeza baba yake.

Unachotafuta ni mwelekeo. Miaka 15, kilomita 112. Miaka 16, 119. Miaka 17, 125: huyo bado anapanda, na hata achapwe namna gani, mngoje. Mwenye 125 kwa miaka mitatu mfululizo, ndevu zimeota na kimo kimesimama, ameonyesha dari yake. Bado anaweza kuwa mrushaji mzuri, lakini atafika kwa akili na usahihi.

Nairobi iko juu, na mpira unalijua hilo

Jambo hili halizungumzwi vya kutosha. Mpira wa kupinda hupinda kwa sababu mzunguko wake unasukumana na hewa. Hewa ikiwa nyepesi, msukumo unapungua kwa kiwango hicho hicho. Denver, mji wa Marekani unaojulikana kwa kuwatesa warushaji, uko mita 1,609 juu ya usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700, na ukielekea Karen unapanda zaidi. Hewa yetu ina uzito wa takriban nne ya tano tu ya ile ya Mombasa. Mpira ambao mzunguko wake ungeushusha sentimita 40 pale Mombasa, hapa utaushusha 32 au 33 hivi. Hizo sentimita saba ni sawa na unene wa gongo lenyewe, ambao hauruhusiwi kuzidi sentimita 6.6. Ndiyo tofauti ya kukosa na kupiga.

Kwa hiyo kijana wa Nairobi ambaye mpira wake wa kupinda "unaelea" huenda hana kasoro yoyote mkononi. Kabla ya kumbadilisha mshiko, mrekodi kwa karibu: mpira una mshono mwekundu, na mzunguko safi wa kwenda mbele huonekana kama mstari mmoja tulivu. Mshono ukiyumba ovyo, kosa ni lake. Ukiwa safi lakini mpira haushuki, kosa ni la mwinuko. Mpeleke timu ikienda Pwani, atashangaa mwenyewe. Ongeza na hili: mpira unaopigwa juu huenda mbali zaidi huku kwetu, kwa hiyo anayepigwa mipira mingi ya juu anaadhibiwa kuliko anavyostahili. Denver walifikia hatua ya kuhifadhi mipira ndani ya chumba chenye unyevu maalumu, tangu 2002, kwa sababu mipira iliyokauka huruka zaidi na hushikika vibaya. Januari na Februari zetu zikikausha kila kitu, usiiache mipira kwenye buti la gari.

Inafuata kwamba mpira wa pili wa kumfundisha mrushaji wa Nairobi ni ule wa kuhadaa: mkono unakwenda kwa kasi ile ile, mshiko uko ndani zaidi ya kiganja, mpira unafika ukiwa pungufu kwa kilomita 13 hadi 16 kwa saa. Kinachomdanganya mpigaji ni tofauti ya kasi, na hiyo haiibiwi na mwinuko. Kijana mwenye mpira wa kasi pekee hufanya vizuri mzunguko wa kwanza wa wapigaji, kisha anachapwa wanapomwona mara ya pili. Ukiona mikimbio yake yote inaanza inningi ya tatu, usiite uoga au uchovu kabla ya kuhesabu ana mipira ya aina ngapi. Kinachokosekana hapo kinafundishika.

Tom Glavine ni mfano unaofaa hapa. Mwaka 1988, akiwa na Atlanta Braves, alipoteza michezo 17 na kushinda 7. Silaha iliyomfanya awe Glavine ilikuwa mpira wa kuhadaa, na mwaka 1991 alipewa Cy Young, tuzo ya mrushaji bora wa mwaka. Roy Halladay mwaka 2000 alikuwa na wastani wa mikimbio 10.64 kwa inningi tisa, katika inningi 67 na kidogo. Mpira wake ulikuwa na kasi lakini umenyooka. Toronto walimshusha mpaka daraja A la ligi za chini, kocha Mel Queen akamteremshia pembe ya mkono, mpira ukaanza kuzama na kukata. Alitwaa Cy Young mwaka 2003 na tena 2010. Greg Maddux ni onyo kwa wapenda hesabu. Mwaka 1987 alikuwa na wastani wa 5.61, na BB 74 katika inningi 155. K zake hazikuwa za kutisha. Mwaka uliofuata BB zilikuwa 81 katika inningi 249. Hesabu ile ya juu isingekuambia kwamba huyu atashinda michezo 355. Aliyemwona mdakaji hasogezi glavu, mpira ukiifuata pale pale, ndiye angeshuku.

Mkono unaouma hausemi

Kushindwa kwa ghafla kuna maana tofauti na kushindwa kwa muda mrefu. Kijana aliyekuwa na kilomita 122 akashuka hadi 117 ndani ya wiki tatu, mipira ikaanza kwenda juu, na anatingisha mkono baada ya kurusha: acha mazungumzo ya kipaji, uliza kiwiko, upande wa ndani. Vijana hawasemi, kwa kuwa wanajua watatolewa. Kano ya hapo ikikatika, upasuaji ambao Dkt. Frank Jobe aliufanya mara ya kwanza kwa Tommy John mwaka 1974 huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kupona.

Mwongozo wa ligi kuu na chama cha besiboli cha Marekani huweka ukomo wa mipira 95 kwa siku kwa miaka 13 hadi 16, na 105 kwa miaka 17 na 18. Kwa miaka 15 na 16, mipira 31 hadi 45 hudai siku moja ya mapumziko, 46 hadi 60 siku mbili, 61 hadi 75 siku tatu, zaidi ya hapo siku nne. Utafiti wa miaka kumi uliotolewa mwaka 2011 uliona kwamba vijana waliorusha zaidi ya inningi 100 kwa mwaka walikuwa na uwezekano wa kuumia vibaya mara 3.5 kuliko wengine. Tatizo la hapa ni kwamba kijana mmoja huwa wa kila mtu: Jumamosi anarusha, inningi mbili za mwisho anadaka, Jumapili yuko kwenye kriketi akitupa mpira wa kasi, Jumatano shule inamtaka kwa mkuki. Mkono hauna madaftari manne. Jumlisha yote pamoja.

Kuna pia kushindwa kunakotoka kichwani, si mwilini. Rick Ankiel alikuwa na K 194 katika inningi 175 mwaka 2000. Oktoba hiyo, kwenye mechi ya mchujo, mipira mitano ilimpita mdakaji wake katika inningi moja. Mwaka 2001 alitoa BB 25 katika inningi 24 za ligi kuu, na hatimaye alirudi mwaka 2007 kama mlinzi wa nje anayepiga hom rani. Kipimo chake ni rahisi: linganisha asilimia ya straiki pembeni na mchezoni. Tofauti ndogo ni ya kawaida kwa kila mtu. Anayepata straiki saba kati ya kumi kwenye mazoezi na tatu kati ya kumi mbele ya watu hahitaji kubadilishiwa mguu wala mshiko, na kila kocha anayemgusa mkono anamwongezea mzigo.

Subira basi iwe ya muda gani? Tayler Scott wa Afrika Kusini alichaguliwa na Chicago Cubs mwaka 2011 na akafika ligi kuu mwaka 2019: miaka minane, tena kwa mtu anayefanya kazi hiyo kila siku. Kwa kijana wa hapa, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja na ukipe wiki sita. Wiki mbili za kwanza ataonekana mbaya zaidi na kasi itashuka kidogo, usirudi nyuma. Wiki ya sita rudia nukta 30, nyayo kumi na kasi ya mipira mitano, ulinganishe na karatasi ya mwanzo. Kimoja kati ya vitatu kikiwa kimesogea, endelea. Hakuna kilichosogea mara tatu mfululizo, mkono ukiwa mzima na kimo kimetulia: mjaribu nafasi nyingine angali anaupenda mchezo.

Na yule wa Jumamosi? Tuseme daftari linaonyesha alirusha mipira 52, straiki 34, akapata K 4 na BB 1, na kwamba mipira mitano ya chini ilipita kando ya besi ya tatu. Apumzike Jumapili na Jumatatu, Jumanne apande kilimani kama kawaida. Wa kuitwa mazoezini mapema ni mlinzi wa besi ya tatu.